Sheria haijapita: je, ruzuku imepotea?

SWALI: Ni ofisa programu katika taasisi inayotoa ruzuku. Kwa miezi 18 tumefadhili asasi tatu za kiraia zinazoshawishi sera ya uhamiaji, na hakuna sheria iliyobadilika. Bodi inataka kusitisha. Mshauri elekezi anapendekeza fedha ziende kwenye kampeni ya mitandaoni itakayogeuza mtazamo wa umma kwa miezi sita. Tupime kwa kigezo gani?

JIBU: Mshauri huyo sijamwona, ila andiko lake nalijua. Lina michoro ya rangi na mamilioni ya "watu waliofikiwa". Kufikiwa maana yake tangazo limepita kwenye kioo cha simu ya mtu akiwa anatafuta kitu kingine. Kutoka hapo hadi kwenye kifungu cha sheria ni mbali, na hiyo ndiyo sehemu ambayo waandishi wa maandiko hayo huiruka. Miezi sita! Mwenye dawa ya namna hiyo asingekuwa anahangaika kutafuta zabuni.

Linalonikera zaidi, hata hivyo, limo ndani ya bodi yenu: kudhani kwamba ushindi ni sheria mpya tu, tena ipite kabla ruzuku haijaisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kulinda haki za wafanyakazi wahamiaji na familia zao ulipitishwa Desemba 1990. Ulihitaji nchi 20 tu uanze kutumika, na ulianza Julai 2003. Marekani, muswada wa DREAM, wa kuwapa ukaazi halali vijana waliopelekwa huko utotoni bila hati, uliwasilishwa mwaka 2001 na mpaka leo haujawa sheria. Lakini vijana wasio na hati waliendelea kubana, na Juni 2012 serikali ya Obama ikatangaza DACA: waliopelekwa nchini humo wakiwa watoto, wakitimiza masharti, wasiondoshwe kwa muda na waweze kuomba vibali vya kazi. Hilo lilipitia mlango wa utawala, si wa bunge. Anayehesabu sheria angejaza sifuri kwenye jedwali lake.

Niliwahi kutathmini asasi ambayo mfadhili alishaiandika "haina matokeo". Mwanasheria wao akanitolea rasimu mbili za kanuni, zilizokunjamana, zimejaa kalamu nyekundu. Ya kwanza ilisema ofisa "anaweza kumpa" mwombaji hifadhi sababu za kukataliwa kwa maandishi. Ya pili: "atampa". Basi. Neno moja, vikao visivyo na idadi. Asiye na sababu mkononi atakata rufaa ya nini? Ripoti yao ya robo mwaka haikuwa na kisanduku cha kuliandika hilo, wakaandika idadi ya warsha.

Na muswada mbaya uliofia kwenye kamati? Nao haumo kwenye viashiria, kwa kuwa hakuna kilichobadilika. Kuuzuia ndiyo kazi yenyewe, hasa uchaguzi ukikaribia na mgeni akawa ndiye wa kulaumiwa kwa kila kitu.

Asasi husoma haraka mfadhili anapenda nini. Ukipenda vichwa vya habari, utaletewa vichwa vya habari, na yule anayejua karani gani ana rasimu ya karibuni ataondoka mkataba wake ukiisha, akiwa na namba zote kwenye simu yake. Kumpata mwingine ni miaka. Ndiyo maana wafadhili wanaokatisha ruzuku kila siasa zinapochacha hujikuta wakilipia mwanzo uleule tena na tena, na bado hawataki kugharamia mishahara wala kodi ya ofisi.

Kabla bodi haijakaa, ziombeni asasi zenu rasimu zote walizozishughulikia, ya zamani na mpya zilazwe sambamba, na mwulize nani alipendekeza kila badiliko na nani alilipinga. Kisha mpigieni simu mtu mmoja aliyekuwa upande wa pili wa meza. Asasi ambayo hata mpinzani wake haijui, hiyo mna haki ya kuihoji.