Mama anapimwa masikio kwa umeme, hatapigwa shoti?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 74, siku hizi anasahau mno, unamwambia kitu sasa hivi dakika tano hazijaisha anauliza tena. Kuna watafiti wa dimensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wamemuomba aingie kwenye utafiti wao, eti watampima masikio kwa umeme. Mama kagoma kabisa, anasema hapigwi shoti uzeeni. Na mimi nashangaa, kusahau na masikio wapi na wapi?

JIBU: Marahaba. Mwambie mama atulie, hakuna umeme unaoingia mwilini mwake, umeme wenyewe ni wake. Ubongo wa kila mtu unatoa umeme kidogo sana, Mjerumani Hans Berger aliurekodi tangu 1924, na hiyo mashine kazi yake ni kuusoma tu. Atapakwa jeli, abandikwe vidude kichwani, avalishwe hedfoni, basi. Kinachoudhi ni ile jeli kwenye nywele.

Sasa masikio yanaingiaje? Sikio linapokea sauti ila anayesikia hasa ni ubongo. Kuna kipimo kinachofuatilia sauti ikitoka sikioni mpaka kwenye shina la ubongo, mawimbi yake makuu ya umeme yanatoka ndani ya milisekunde 10 (milisekunde ni sekunde moja ukiigawa mara elfu), ndo hicho wanachopimwa hata vichanga wakiwa wamelala. Lakini ambacho watafiti wa dimensia wanakipenda zaidi ni hiki: mama atasikia tuu, tuu, tuu, tuu, halafu ghafla tii! Anaambiwa ahesabu zile tii tu. Kila ikilia, ubongo unaigundua na kutoa wimbi baada ya kama milisekunde 300, ndo maana likaitwa P300, linajulikana tangu 1965. Umri ukienda linachelewa, hiyo kawaida, ila kwa wenye Alzheimer, ile aina ya dimensia inayowapata wengi zaidi, mara nyingi linachelewa zaidi ya wazee wenzao na linakuwa dogo.

Ila msije mkapata majibu mkaanza kulia. Hata sonona au dawa za usingizi zinaweza kulivuruga hilo wimbi, kwahiyo peke yake halimwambii mtu una dimensia, watafiti wanalitumia kulinganisha makundi ya watu. Na waulizeni hao watafiti kama watampima kwanza usikivu wa kawaida na kuangalia nta masikioni, maana mtu asiyesikia vizuri naye anaonekana msahaulifu, kumbe ulichomwambia hakukidaka tangu mwanzo, hii naiona kila siku. Tena kutosikia kwenyewe kumo kwenye orodha ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia, ile ya kamisheni ya jarida la tiba la Lancet ya 2024, kwahiyo akikutwa na tatizo la usikivu apatiwe kifaa cha kusikia, asisubiri utafiti uishe.

Siku ya kwenda aoshe nywele na asipake mafuta kichwani, vile vidude havishiki.