Maandishi meupe juu ya picha ya Kilimanjaro: kwa nini hayasomeki ukumbini

Mkuu, umeuliza kwa nini kichwa cheupe kwenye slaidi yako ya Kilimanjaro kinasomeka kwenye laptop lakini ukumbini Arusha kinapotea. Mstari wako unapita juu ya theluji ya kilele cha Kibo, mawingu na msitu kwa mpigo. Hakuna rangi moja ya herufi inayofaa kote huko.

Anza kwa kuhamisha maandishi. Picha zilizopigwa upande wa Moshi mara nyingi zina miti au migomba chini. Hapo pana giza la kutosha. Anga la asubuhi usiliamini: ni buluu, ila ni angavu mno kwa herufi nyeupe.

Kama lazima yabaki juu, chora mstatili mweusi usio na mpaka, uuweke kati ya picha na maandishi, halafu uupe uwazi. Hapa ndipo wengi wanakosea kipimo. Mweusi wenye uwazi wa asilimia 50 juu ya theluji nyeupe unatoa kijivu ambacho tofauti yake ya mwangaza na herufi nyeupe ni takriban 4 kwa 1. Kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa maandishi yanayosomeka na wote kwenye wavuti, ni 3 kwa 1 kwa herufi kubwa na 4.5 kwa 1 kwa ndogo, kwa hiyo kichwa kinapita, maelezo madogo yanafeli. Shusha uwazi hadi 40 upate zaidi ya 5.

Na hizo ni hesabu za kioo cha laptop. Weusi wa projekta ni ukuta usiomulikwa tu; dirisha likiwa wazi mchana, weusi huo unageuka kijivu. Ukumbi wa namna hiyo nenda 25 au 30, na funga pazia.

Ukitaka mstatili huo uwe kivuli kinachofifia upande mmoja (gradient), ncha zote mbili ziwe nyeusi: moja uwazi 30, nyingine 100. Ukiacha ncha moja nyeupe, unapata ukungu mchafu katikati.

Usizungushie herufi mstari mweusi. Mstari huo unazila herufi kwa ndani. Tumia herufi nene, pointi 28 kwenda juu.

Picha ya flamingo wa maziwa ya Momella ni kesi nyingine. Kivuli hupunguza mwanga, lakini vile vitone vyote vinabaki vikigombana na herufi. Hiyo itie ukungu (blur) kwanza, ndipo uweke kivuli.