Jibu: Tangi la zamani kufidia nyumba mpya

Ndugu, umeuliza inakuwaje kule Uingereza kubadilisha tangi la maji taka la mwanakijiji kumpe mjenzi ruhusa ya kujenga nyumba mpya. Hesabu ni ya fosforasi, kirutubisho cha maji taka kinachochafua mito: nyumba mpya huiongeza mtoni, kwa hiyo mjenzi lazima aifidie kwa kuipunguza kwingine. Tangi la kawaida hutuamisha tope tu. Fosforasi nyingi hutoka na maji. Mtambo mdogo unaotia chumvi ya chuma huinasa, na kiasi kilichopungua huuzwa kwa mjenzi kama fidia ndani ya bonde lilelile la mto, mfano la mto Wensum, Norfolk.

Ila tangi linalomwaga moja kwa moja mtoni lilipigwa marufuku tangu 2020, kwa hiyo kulibadilisha ni wajibu, si fidia (wauzaji hawapendi kusikia hili). Na mkataba useme nani ataongeza chumvi hiyo mtamboni na kunyonya tope miaka 80 ijayo.