Anti, tunaenda Las Vegas kwa mara ya kwanza

SWALI: Shkamoo Anti. Mi na mume wangu tunaishi Columbus, Ohio, mwezi wa kumi tutakuwa na siku nne za likizo na tumeamua twende Las Vegas maana kila mtu kazini anaisifia. Kasino hatujawahi kuingia hata siku moja, baba watoto anasema atajaribu kidogo tu, mi naogopa. Kuna tangazo nimeona hoteli dola 49 kwa usiku, ni kweli au kuna kitu? Afu wanasema Grand Canyon, lile korongo kubwa, ipo jirani hapo hapo, tunaweza kwenda na kurudi siku moja? (Mama wawili, Columbus)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwezi mmechagua vizuri sana, maana ule mji upo katikati ya jangwa na Julai joto linapita nyuzi 40, mwaka 2024 lilifika karibu 49, watu wanakimbia kutoka mlango mmoja wa kiyoyozi kwenda mwingine. Oktoba mnatembea mchana bila shida na usiku mnavaa sweta.

Hoteli sasa. Hiyo 49 ni ya chumba peke yake. Juu yake kuna kitu kinaitwa ada ya resoti, hoteli nyingi za pale wanatoza kama dola 35 mpaka 55 kwa usiku, utake usitake, hata kama hujagusa bwawa lao wala wai-fai yao, bado kodi, na ukija na gari nyingi zinatoza paking pia. Tangu Mei 2025 sheria inawalazimisha kuonyesha bei yenye ada zote za lazima, kwa hiyo we angalia jumla ya mwisho kabla hujaingiza namba ya kadi, usifurahie ile namba iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye tangazo. Jumapili mpaka Alhamisi bei inashuka sana kuliko wikendi, kama likizo yenu inaweza kukaa katikati ya wiki basi iwekeni hapo. Na siku ya kuingia wanashikilia hela ya dhamana kwenye kadi, inarudi ila inachukua siku kadhaa, msije mkakwama.

Hizo hoteli kubwa zimepangana kwenye Las Vegas Boulevard, wenyewe wanaita Strip, kama kilomita 7 hivi. Jengo mnaliona hapo mbele mnasema dakika tano, mnatembea nusu saa, maana kila moja ni kama mtaa mzima na kuvuka barabara mara nyingi ni kupanda daraja. Bebeni raba. Kuna basi linaitwa Deuce linapita usiku na mchana mpaka Fremont Street, ule ndio mji wa zamani. Chemchemi za hoteli ya Bellagio zinazocheza na muziki ni bure, na lile duara kubwa la taa la Sphere, ukumbi wa shoo uliofunguliwa 2023, kwa nje unaliangalia hata ukiwa mbali.

Kwenye kamari nitakuwa mkali kidogo, naomba umsomee na baba watoto. Chukua ruleti ya pale: gurudumu lina namba 1 mpaka 36, jumlisha sifuri moja na sifuri mbili, nafasi 38. Ukipatia namba unalipwa 35 kwa 1, yaani dola 35 kwa kila dola uliyoweka, wakati nafasi ni 38. Hapo ndipo kasino inapopatia mkate wake, kila dola 100 zinazowekwa mezani wao kwa wastani wanabaki na tano na kitu, na siku hizi kuna meza zina sifuri tatu, hizo wanabaki na karibu nane. Kwenye blackjack, mchezo wa karata wa kutafuta 21, asome maandishi yaliyochapwa kwenye kitambaa cha meza kabla hajakaa. Ikiandikwa 3 kwa 2, akiweka dola 10 na kupata blackjack, yaani 21 kwa karata mbili za mwanzo, inamlipa 15, ikiandikwa 6 kwa 5 inamlipa 12 tu, karata zile zile mchezo ule ule. Meza za bei chini nyingi ni hizo za 6 kwa 5. Kwa hiyo wekeni kwenye bahasha hela taslimu ambayo mmekubaliana ni ya burudani, kama vile mnavyonunua tiketi ya shoo, kadi za benki zibaki kwenye sefu chumbani, na mashine za kutolea hela za ndani ya kasino msizisogelee, makato yake ni makubwa. Vinywaji anavyoletewa mtu akiwa anacheza ni bure, anatoa tipu dola moja au mbili, lakini vinywaji hivyo hivyo ndivyo vinavyomfanya asahau saa. Hela ya ada ya watoto na ile ya kutuma nyumbani isiingie kwenye hayo mahesabu kabisa, nimeshapokea barua nyingi za machozi.

Grand Canyon ziko pande mbili na watu wanazichanganya. Ile ya kwenye picha, South Rim, ni kama kilomita 450, masaa manne na nusu kwenda tu. Ya karibu ni Grand Canyon West, kama masaa mawili na nusu, yenye lile daraja la kioo Skywalk, ni ardhi ya Wahualapai, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, wana kiingilio chao na pasi ya hifadhi za taifa haitumiki pale. Kwa siku nne mi nisingewapeleka South Rim kwenda na kurudi, mtaona lami tu. Kodini gari siku mbili mzunguke karibu: usiku wa mjini, asubuhi ya jangwani.

Red Rock Canyon ni kama nusu saa tu, barabara ya kilomita 21 inazunguka kwenye miamba myekundu, ila kuanzia Oktoba mpaka Mei lazima mbuku muda wa kuingia mtandaoni kabla, msije mkarudishwa getini. Siku ya pili nendeni Hoover Dam, lile bwawa la umeme, na mpitie Boulder City, mji uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa bwawa. Kazi ilianza 1931, mwaka ule ule jimbo hilo la Nevada liliporuhusu kamari, na hapo Boulder City kamari imekatazwa mpaka leo. Kuna bustani inaitwa Hemenway, kondoo wa milimani wenye pembe zilizojikunja wanashuka kula nyasi, mnawaona mkiwa mmekaa kwenye benchi. Bwawa lenyewe lina urefu wa mita 221 kwenda juu, umeme wake ni kama megawati 2,080, yaani linakaribiana na letu la Julius Nyerere lenye 2,115. Pale juu kuna sanamu mbili za shaba zenye mabawa, mwili mzima umefifia rangi ila vidole vya miguu vinang'aa kwa kushikwashikwa na watu wanaotafuta bahati. Angalieni pia ule mstari mweupe kwenye miamba ya Ziwa Mead, ziwa lililo nyuma ya bwawa hilo, ni alama ya maji yalipokuwa yanafika zamani. Mimi napenda hapo kuliko Strip yote.

SWALI: Anti mambo, niko Toronto ila pasi yangu ni ya Kenya. Nikishinda sloti, zile mashine za kamari, Vegas wananikata kodi?

JIBU: Poa. Asiye mkaazi wa Marekani akipiga jekipoti kubwa ya sloti anakatwa asilimia 30 pale pale. Michezo ya mezani kama blackjack, ruleti, craps (ya dadu) na bakarati (ya karata) haikatwi. Kwa kuwa unakaa Kanada na kodi unalipa huko, kuna mkataba unaokuruhusu kudai sehemu irudi ukionyesha ulichopoteza, kwa hiyo tunza risiti. Na pasi tembea nayo, chini ya miaka 21 huchezi.

SWALI: Asalaam aleikum Anti. Sisi watu wa Mombasa, twaishi Minneapolis, hatuchezi kamari wala hatunywi. Mume wangu ana mkutano wa kazi Vegas ataka twende naye na watoto. Tutaweza kukaa huko kweli?

JIBU: Wa aleikum salaam mwanangu, mtaweza, ila hoteli ndio muhimu. Zipo zisizo na kasino kabisa, kama Vdara, haina moshi wa sigara na vyumba vina jiko dogo, unapasha chakula cha watoto mwenyewe. Hoteli za kawaida mara nyingi kufika kwenye lifti lazima mkatize katikati ya mashine za kamari, watoto wanaruhusiwa kupita ila si kusimama, na moshi upo. Misikiti ipo mjini, na vyakula vya halali pia, vingi viko nje ya Strip, kwenye migahawa ya hotelini uliza sosi maana mvinyo unatiwa sana. Watoto wapeleke hoteli ya Flamingo wakaone ndege bustanini, bure, na bustani ya maua ya Bellagio bure pia. Asubuhi nendeni hifadhi ya Valley of Fire, kama saa moja kwa gari, kuna michoro waliyochonga wenyeji wa kale kwenye mwamba wa Atlatl, mnapanda ngazi kuiona. Maji bebeni mengi kuliko mnavyodhani, na muondoke mapema kabla jua halijakaza.