Kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani na mtoto wa miaka miwili

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba anatarajia kuja likizo Lindi na mume wake pamoja na binti yao wa mwaka mmoja na miezi tisa. Alitaka kujua kama ni busara kumvusha mtoto wa umri huo kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, au wabaki tu ufukweni Kilwa Masoko. Jibu langu ni kwamba inawezekana kabisa, ila siku hiyo ipangwe kwa kutazama mambo mawili tu, maji ya bahari na usingizi wa mtoto. Nayaandika haya nikiwa mtu aliyeshindwa mara ya kwanza, tena mbele ya wakwe.

Mwaka jana mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu wa historia, ndiye aliyeipanga safari, na alitaka tuone kila kitu kwa siku moja: Gereza, yaani ngome ya kale, Msikiti Mkuu, jumba la Makutani, kisha Husuni Kubwa, kasri la sultani lililo upande wa mashariki, mbali na magofu mengine. Tulipanda mashua saa mbili asubuhi, maji yakiwa bado yapo. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwezi mpevu ulikuwa umepita siku mbili tu, yaani tulikuwa katikati ya bamvua, wakati ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana.

Kufikia saa nne mtoto alikuwa amekwisha kuchoka. Shemeji alikuwa akisimulia jinsi msafiri Ibn Battuta alivyofika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta Sultani al-Hassan bin Sulaiman, huku mwanangu akilia kwa sauti iliyowafanya hata mbuzi waliokuwa wakila kivulini wainue vichwa. Nilipendekeza turudi, nikaambiwa kwamba Husuni Kubwa haiachwi, kwa kuwa ndiko liliko birika la maji la pembe nane, lililojengwa chini kwa mawe. Tukaenda. Birika nililiona kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa kwa mtoto aliyekuwa akitaka kushuka ngazi peke yake.

Tuliporudi ufukweni saa sita, maji yalikuwa yamekupwa na mashua imeegeshwa mbali. Nilitembea kwenye tope nikiwa na mtoto mgongoni, jua la utosi, ndala moja ikabaki humo humo, na hadi leo iko huko. Mtoto alilala kabla hatujaifikia mashua, akaamka kila ilipogongwa na wimbi. Jioni ile wifi yangu akaandika kwenye kundi la familia kwamba kuna akina mama wanaotesa watoto kwa ajili ya kupiga picha. Hakutaja jina, wala hakukuwa na haja ya kulitaja.

Mwaka huu nilipanga mwenyewe. Kwanza niliangalia mwezi, nikachagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo bahari haiendi mbali. Asubuhi ile maji yalikuwa yanajaa, kwa hiyo tulishuka vizuri na tukapanda vizuri. Kibali tulikuwa tumekikata Kilwa Masoko jana yake, ili asubuhi isiliwe na kusubiri. Nahodha nilimuuliza mapema kama ana jaketi okozi la kumtosha mtoto, na wa kwanza aliposema kwamba mtoto hupakatwa tu, nilimshukuru nikatafuta mwingine. Ni kweli kwamba kuvuka ni takriban kilomita mbili tu, lakini bahari haipimi hivyo.

Tulikwenda Gereza na Msikiti Mkuu, basi. Mwongozaji alishangaa kidogo, kisha akaelewa. Ndani ya msikiti, chini ya kuba, mwanangu alipiga makofi, akasikiliza, akapiga tena. Halafu akaugundua ukuta. Kuta za pale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na pale chokaa ilipobanduka, jiwe linaonyesha vitundu vidogo vidogo. Alivisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa, akasema, “Jicho. Jicho.” Nilimshika mkono ili asichokonoe, kwa sababu magofu haya yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 na yaliwahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini hadi mwaka 2014, na sikutaka mwanangu ayarudishe huko. Tulikaa kwenye ukuta ule karibu nusu saa. Saa tano tulikuwa mashuani, na saa sita alikuwa amelala kitandani, feni ikizunguka.

Kwa hiyo, dada yangu, chagua sehemu mbili na uziache nyingine. Beba mbeleko, si kigari, kwa kuwa njia ni za mchanga na mawe. Beba uji kwenye chupa ya chai, ndizi na maji ya kutosha. Korosho utauziwa kila kona, lakini usimpe mtoto wa umri huo zikiwa nzima, zinaweza kumpalia. Na nasisitiza tena, sehemu mbili tu. Wazazi wa siku hizi tunatembea kana kwamba tumetumwa kuhesabu majengo, tukirudi nyumbani tuna picha mia mbili na mtoto mwenye homa, kisha tunasema mtoto ni msumbufu. Mtoto hakuomba kuona birika la sultani. Aliomba kulala.

Umeniuliza pia kuhusu Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu. Huko sijafika naye, maana safari ya mashua ni ndefu zaidi, nami nitasubiri akue kidogo. Wifi yangu naye, baada ya kuona picha ya mtoto akiuchungulia ukuta, ameniuliza tulivuka mwezi ukiwa wa ngapi. Sijamjibu bado.