Hati ina jina la mume, naye ameanza kuleta madalali: nifanye nini?

SWALI: Tulifunga ndoa kanisani hapa Mukono, Uganda, mwaka 2011. Kiwanja mume wangu alikinunua 2008, nyumba tukaanza kuijenga 2014. Hati ya mailo (ardhi ya kumiliki moja kwa moja, bila kikomo cha muda) ina jina lake peke yake na sijui ameiweka wapi. Tuna pia kibanja cha kahawa Kayunga, yaani shamba lisilo na hati kwenye ardhi ya mailo ya mtu mwingine. Mimi ni mwalimu. Mabati nilinunua kwa mkopo wa SACCO, na karo ya watoto watatu nalipa mimi. Sasa tunaachana, na wiki iliyopita alikuja na dalali akamwonyesha nyumba. Anaweza kuuza? Nusu ni yangu? Nihame au nikae?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Najua swali la nusu ndilo linalokuuma zaidi, lakini hilo litajibiwa mahakamani baada ya miezi mingi. Dalali anaweza kurudi kesho, kwa hiyo tuanze naye.

Mume wako hawezi kuuza, kuweka rehani wala kugawa ardhi ya familia bila wewe kuridhia kwanza. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi, katika kifungu ambacho mawakili wengi bado wanakiita cha 39, ingawa namba zilisogea sheria zilipochapishwa upya. Ardhi ya familia ni pale mnapoishi, na pia shamba linalowalisha. Kwa hiyo nyumba imo na kibanja kimo, hata kama hati ina jina lake na kiwanja alikinunua kabla hajakuoa. Akiuza kwa siri, mauzo ni batili. Mnunuzi asiyejua kitu atadai pesa zake kwa aliyemuuzia, ila ardhi haipati. Tatizo ni kwamba jina la mnunuzi likishaingia kwenye hati, kulitoa ni kesi ya miaka. Kwa hiyo zuia sasa, kwa kaveati, yaani zuio linaloandikwa kwenye daftari la ardhi ili hati isihamishwe.

Hati yenyewe huihitaji mkononi. Unachohitaji ni namba ya bloku na ya ploti, kaunti ya Kyaggwe. Zitafute kwenye mkataba wa kununua kiwanja, kwenye mchoro wa sarveya, au kwenye karatasi za benki kama aliwahi kukopa. Nenda nazo ofisi ya ardhi ya kanda hapo Mukono uombe upekuzi, ile watu wanaita sachi. Majibu yatakuonyesha mwenye hati ni nani na kama kuna rehani juu yake. Kisha wakili akuandalie fomu ya kaveati na tamko la kiapo, ulile kiapo mbele ya kamishna wa viapo, uambatishe nakala ya cheti cha ndoa na kitambulisho cha taifa. Ukishalipa ada benki na kuwasilisha, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Baada ya siku chache fanya sachi tena. Usiridhike na muhuri: faili linaweza kukaa mezani bila kaveati kuingizwa kwenye daftari, na mnunuzi anaangalia daftari.

Kuna makosa mawili yanayoharibu kaveati za wake kila mara. La kwanza ni kuandika kaveati ya kawaida. Hiyo mwenye hati akiipinga, msajili anakutumia notisi, na baada ya siku 60 inaanguka usipokuwa na amri ya mahakama. Kaveati ya mke chini ya Sheria ya Ardhi haianguki hivyo. Inabaki maadamu haki yako ya kukaa hapo ipo. Kwa hiyo tamko liseme wazi kwamba wewe ni mke wa ndoa, kwamba hapo ndipo familia inaishi, na kwamba unaiweka kwa haki ya ridhaa ya mwenzi. La pili ni anwani. Notisi zinatumwa kwenye anwani uliyoandika. Ukiandika ya nyumbani, barua itapokelewa na yeye. Andika ya wakili wako.

Cheti cha ndoa nacho kiangalie mapema. Mahakama itataka nakala iliyothibitishwa na URSB (ofisi ya serikali ya usajili), na makanisa mengi hufungisha ndoa yasipeleke kumbukumbu huko. Ukiambiwa ndoa yako haionekani, rudi parokiani uombe waipeleke. Ndoa haijafutika kwa hilo, ila wiki kadhaa zitapotea.

Kibanja cha Kayunga hakina hati, kwa hiyo unafanya kwa barua. Mwandikie mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na mwenye mailo, uwaeleze kwamba wewe ni mke, kibanja ni cha familia, na hujaridhia kiuzwe. Kila mmoja asaini na kugonga muhuri kwenye nakala yako. Barua kwa mwenye mailo ina nguvu kuliko inavyoonekana, maana kisheria kibanja hakihamishwi bila ridhaa yake, na mnunuzi mwenye akili lazima apite kwake. Ukiwa huko, piga picha risiti za busuulu, kodi ya mwaka anayolipwa mwenye mailo.

Sasa nusu. Hapana, si yako moja kwa moja, na anayekuahidi asilimia 50 kabla ya kuona karatasi zako anakudanganya. Katiba, ibara ya 31, inawapa mke na mume haki sawa ndani ya ndoa na inapovunjika. Lakini Mahakama ya Juu Kabisa, katika kesi ya Rwabinumi na Bahimbisomwe iliyoamuliwa 2013, ilisema usawa huo si kugawa kila kitu katikati: unapata kwa kadiri ya mchango wako. Mchango si pesa peke yake. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Ambayo na Aserua, ilitambua kazi ya nyumbani isiyolipwa, kupika, kulea, kutunza, kuwa mchango katika mali ya ndoa.

Kwa hiyo fikiria kama mtu anayejaza daftari la hesabu. Kiwanja cha 2008 ni chake. Nyumba iliyosimama juu yake ni jambo jingine, na humo umo. Taarifa ya mkopo kutoka SACCO inaonyesha tarehe ulipopokea pesa. Risiti ya mabati inaonyesha tarehe ya kununua. Zikifuatana kwa siku chache, hakimu hahitaji maelezo marefu. Risiti yenye jina la mume haikuharibii kitu kama pesa imetoka kwako, onyesha tu ilikotoka. Omba taarifa za benki na za pesa za simu kwa miaka ya ujenzi. Mtafute fundi aliyeezeka, atakuwa shahidi. Risiti za karo usizidharau hata kidogo: shilingi uliyolipa shule ndiyo iliyomwachia yeye shilingi ya kununua saruji, na wakili wako aiseme hivyo mahakamani. Risiti za mashine hufifia, kwa hiyo zitoe kopi leo na kopi zikae nje ya nyumba.

Kama sachi itaonyesha rehani, ujue Sheria ya Rehani ya 2009 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa dhamana. Kama hukusaini popote, mwambie wakili siku hiyo hiyo. Kama ulisaini, benki inalipwa kwanza: nyumba ya milioni 180 yenye deni la milioni 40 inagawiwa kama milioni 140, na sehemu ya asilimia 40, kwa mfano, ni milioni 56. Mkubaliane mthamini mmoja aliyesajiliwa. Kila upande ukija na wake, mtapata bei mbili na ugomvi wa tatu.

Kuhama hakukupotezei haki ya mali. Kunachopoteza ni karatasi, na macho ya kuona nani anakuja kupima. Kama nyumba ina amani, kaa. Kama anakupiga au anakutishia, ondoka na watoto usiku huo huo, ripoti polisi, kisha uombe mahakama amri ya ulinzi chini ya Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010. Hakuna ploti inayostahili mwili wako.

Ombi la talaka litaje mali kwa majina: bloku, ploti, kibanja, gari, akiba. Maombi mengi yanaomba talaka na malezi tu, kisha mama anaanza kesi nyingine ya nyumba. Na angalia ratiba. Hukumu ya awali ya talaka haigeuki kamili kabla ya miezi 6, na siku inapogeuka wewe si mke tena, kwa hiyo haki ya ridhaa inakwisha. Hata mkitenganishwa kisheria na mahakama, kinga hiyo inaondoka. Amri ya mali ipatikane kabla ya hapo na isajiliwe kwenye hati.

Mnaweza kumalizana kwenye usuluhishi, na mara nyingi ni nafuu. Ila makubaliano ya "atanilipa sehemu yangu" hayatoshi. Yaandike kiasi, tarehe ya kila awamu, akaunti gani, nini kinafuata asipolipa (nyumba iuzwe na nani, kwa bei isiyopungua ngapi), na nani analipa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 kama hati inahama jina. Yapelekwe mahakamani yawe hukumu, yasibaki karatasi ya LC. Na humo ndani kuwe na sentensi moja usiyokubali ifutwe: kaveati inaondolewa baada ya awamu ya mwisho kuingia kwenye akaunti yako, si siku ya kusaini.