Halua Ina Siku Yake

Mtu akipimwa sukari ikaonekana iko juu, au presha ikakataa kushuka, kila anayekuja kumjulia hali humletea katazo lake. Acha wali. Acha nazi. Chapati usiguse, halua ndiyo kabisa. Mgonjwa anabaki na uji mkavu na uso wa huzuni, halafu siku akialikwa maulidi anakula kwa pupa yale yote aliyonyimwa. Nimeliona hili kwa bi mkubwa wangu, yaani mama, hapa Wete, Pemba, na kwa majirani, na linaniuma, kwa sababu watu wanateseka bure kisha wanaishia palepale. Chakula unachokipenda hakihitaji kufukuzwa nyumbani. Kipangiwe siku, kipangiwe kiasi, na kiwekewe wenzake wazuri kwenye sahani.

Mama alipogundulika na sukari, naye alipewa katazo hilo la jumla. Halikudumu. Aliyemsaidia ni muuguzi mmoja kijana, aliyemkalisha kitako akamuuliza maswali.

"Mama, chai unakunywa mara ngapi kwa siku?"

Asubuhi, saa nne, na baada ya alasiri.

"Na sukari unatia vijiko vingapi?"

Mama akamwangalia. "Mwanangu, mimi nitajuaje? Chai hutiwa sukari jikoni."

Na kweli, nyumba nyingi za kwetu chai huchemshwa pamoja na maziwa, iliki, tangawizi na sukari humohumo sufuriani, na mpishi hutia kiasi cha kumridhisha anayependa tamu kuliko wote. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati mtu anayoipata kwa siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja tayari ni vijiko tisa, na hapo hujagusa andazi. Soda moja ya mililita 350 nayo hubeba karibu vijiko tisa peke yake.

Sasa chai ya kwetu hupikwa bila sukari, iliki na mdalasini vikazidishwa, na kikopo cha sukari huwekwa kwenye treya kila mtu atie yake. Watoto walinung'unika mwanzoni, wakazoea. Mama alishuka taratibu: vijiko vitatu, viwili, kimoja, kisha nusu. Ulimi hujizoesha ukipewa muda. Mgeni naye haoni tabu, maana sukari iko mbele yake, ajipimie apendavyo.

Tuje kwenye halua, maana najua ndiyo inayowauma wengi. Halua ya kwetu ni sukari, wanga, samli, iliki na kungumanga, ikasongwa motoni mpaka mikono ichoke. Hakuna namna ya kuigeuza chakula cha mgonjwa, na mimi siwaungi mkono wanaojaribu kuipika kwa sukari nusu, kwani haishiki wala haiwi halua. Lakini waangalieni wazee wanavyoila barazani: kipande kidogo, finjani ya kahawa chungu, na kipande hicho kikaliwa katika mazungumzo ya nusu saa nzima. Kiasi kimo ndani ya mila yenyewe. Kinachotuponza ni kununua kilo nzima na kuiweka kabatini, kila anayepita akachota. Kwetu hununuliwa kidogo, ya kuliwa siku ileile. Mama hula kipande chake Ijumaa baada ya chakula cha mchana, tumbo likiwa limeshapata mboga na samaki, na siku hiyo wali huupunguza na chai huinywa bila sukari. Mpango huo aliupanga na daktari wake akiwa na vipimo mkononi, na anayetumia dawa za sukari afanye vivyo hivyo. Kaimati, visheti na vitumbua vimo kwenye utaratibu huohuo, kimoja kwa zamu yake.

Nazi ndiyo iliyonifanya nikae jikoni nifikirie sana. Sehemu kubwa kabisa ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya mwilini, kwa hiyo madaktari wanapotuonya hawakosei. Lakini ukimwambia Mpemba aishi bila nazi umemwambia ahame. Nikatafuta njia ya kubaki na ladha nikapunguza tui.

Nakuna nazi moja pale palipokuwa pakienda mbili. Tui la kwanza, lile zito, naliweka pembeni. La pili na la tatu ndiyo ninayopikia muhogo, kunde au mchicha mpaka viive kabisa. Nikikaribia kuepua, natia kikombe kimoja cha lile zito, nakoroga polepole lisikatike, likipanda mara moja naepua. Utamu wa tui zito hubaki juu, mlaji huuonja tangu tonge la kwanza, na anayekula hajui kwamba nazi imepungua. Tui linalobaki naligandisha kwa siku nyingine.

Jambo jengine, siyo kila sufuria itiwe nazi siku moja. Maharage yakiwa ya nazi, wali uwe mweupe. Wali ukiwa wa nazi, samaki awe wa chukuchuku, kwa ndimu na pilipili, au awe wa kuchoma. Kibua wa kuchoma aliyepakwa thomu na ndimu hahitaji tui lolote, na dagaa nao wana faida kubwa kwa bei ndogo.

Halafu kuna sinia. Ushauri mwingi wa lishe haulitaji sinia kwa sababu umeandikwa kwa ajili ya watu ambao kila mmoja ana sahani yake. Sisi tunakula pamoja, na kula pamoja kuna baraka. Sikubali mgonjwa atengwe kwenye kisahani chake pembeni. Mama alipojaribiwa hivyo alikosa hamu ya chakula chote. Tatizo ni kwamba kwenye sinia huoni umekula kiasi gani. Mkono unakwenda, wali ukipungua mpishi anaongeza, na ukisita kidogo unaambiwa, "Kula bwana, mbona huli!"

Nilichofanya ni kubadilisha upakuaji. Mboga za majani na kachumbari hujaza nusu ya sinia, samaki au kunde robo, na wali robo. Sufuria ya wali haiji mkekani, inabaki jikoni, na anayetaka zaidi ainuke mwenyewe. Wengi hawainuki. Matembele, mnavu na kisamvu ambavyo zamani vilikuwa kijibakuli cha kuonjeshea sasa ndivyo vinavyoshibisha. Tunakula bila haraka pia, maana huchukua kama dakika 20 mtu kuhisi kuwa ameshiba. Mtume (S.A.W.) ametufundisha theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa kinywaji na theluthi kwa pumzi, na familia iliyokaa kwenye sinia moja inaweza kukumbushana hilo kwa upole.

Urojo nitausema kwa ufupi, maana ndugu zangu wa Unguja hawataki kusikia neno baya juu yake, na mimi sina. Ila urojo ni mlo kamili: una mbatata, bajia, kachori, muhogo wa kukaanga, yai na nyama. Uhesabu kuwa ndicho chakula chako cha mchana au cha jioni, usiunywe kati ya milo miwili halafu ukenda nyumbani ukakuta wali unakusubiri ukaula wote. Mwambie muuzaji azidishe yai na mishkaki, apunguze vya kukaanga na chatne ya nazi. Atakusikiliza.

Kwa wenye presha, chumvi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Ng'onda na papa mkavu huingia na chumvi yao tayari. Waloweke, mwaga maji, waloweke tena, kisha wapike bila kuongeza hata chembe. Pemba tumejaaliwa karafuu, pilipili manga, mdalasini na ndimu uani, basi viungo hivi vifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na chumvi. Na pima presha hata kama huhisi chochote. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, hiyo si presha ya kupuuza.

Mwili nao utembezwe. Zanzibar tuna siku ya mazoezi ya viungo kila Januari 1, na vikundi vya mazoezi vinapita barabarani alfajiri, lakini wanaoona haya kukimbia wasijilaumu. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki, zinatosha kufikia kiwango cha dakika 150 kinachoshauriwa. Mama hutembea baada ya alasiri na wifi yake, wakizungumza njia nzima.

Mwezi ninaouhofia zaidi kwa wagonjwa wetu ni Ramadhani. Mezani kunakuwa na muhogo wa nazi, ndizi za nazi, majimbi, mbatata, sambusa, kaimati, uji wa sukari na juisi, vyote kwa jioni moja, na daku la wali juu yake. Sisi tunachagua kitu kimoja tu cha nazi kwa siku, na vingine vinangoja kesho. Tunafungulia tende moja au mbili na maji, tunasali Magharibi, kisha tunakaa kwa supu ya samaki au ya chooko kabla ya futari yenyewe. Vya kukaanga huja siku mojamoja, na juisi inakuwa ya tunda bila sukari ya kuongeza, au maji ya dafu. Anayetumia dawa za sukari au presha amuone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu saa za dawa na kipimo chake huenda vikabadilishwa, na wapo ambao wataambiwa wasifunge. Sukari ikishuka sana mchana, mtu akatetemeka, akatokwa na jasho au akachanganyikiwa, afungue papohapo kwa kitu kitamu, na familia nzima ijue dalili hizo.